Korongo wa Amana

Kadar Ogle alikuwa amechoka na ndege. Si kwamba aliwachukia. Alichoka nao jinsi mtu anavyochoka na wageni wema waliokuja wengi mno kwa wakati mmoja. Tangu Septemba ya mwaka ule wa tisini na saba walikuwa wakipita juu ya kichwa chake kutoka kaskazini kwenda kusini, asubuhi na jioni, na kila aliyepita ilibidi aandikwe. Mbayuwayu elfu moja na ushei. Keremkerem mia mbili na kumi. Kitwitwi wa matopeni, wale wasiotulia hata mtu awahesabu mara moja bila kurudia, arobaini au arobaini na tatu. Jioni akifumba macho aliwaona bado wanapita.

Kazi hiyo alipewa na Daktari Nzilani, mama wa Kikamba kutoka Nairobi, mtafiti wa ndege. Alikuwa anatafuta mtu wa Garissa anayeweza kutofautisha kozi na kipanga bila kufungua kitabu, na kila aliyeulizwa alimtaja Kadar. Kadar alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka ishirini na miwili, mpaka serikali ilipopunguza watu na yeye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Alisoma hadi darasa la nne na mwandiko wake ulisomeka. Daktari akampa darubini, daftari la mistari, na kisiwa.

Kisiwa chenyewe kilikuwa katikati ya mto Tana, chini kidogo ya mji. Upande wa chini watu walipanda migomba na matikiti. Upande wa juu palikuwa na mgongo wa ardhi wenye mikoma michache, na hapo ndipo Kadar alipojenga kibanda chake cha mikeka. Kila siku ya pili Shuaib, Mmunyoyaya mwenye mtumbwi, alimletea unga, maziwa, majani ya chai na habari za mjini. Mwisho wa kila mwezi Daktari alikuja kwa basi, akavushwa, akasoma daftari akitabasamu, akaondoka.

Watu husema kuhesabu ndege ni kazi ya kupumzikia. Waache waseme. Wasimame wao kwenye tope tangu alfajiri wakiwa na miaka hamsini na sita, shingo imegeuzwa juu, mbu wanakula chini, na goti la kushoto linauma kila wingu likipita. Kadar alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: Desemba ifike, arudi nyumbani kwa mkewe Saado, alale kitanda chenye godoro na asiangalie juu tena.

Mwezi wa Novemba ulianza na mvua ambayo hata wazee hawakuikumbuka mfano wake. Hiyo ndiyo mvua iliyokuja kuitwa El Nino, lakini siku zile za mwanzo ilikuwa mvua tu, na kila mtu alishukuru. Tarehe tisa alasiri upepo ulipiga mikoma mpaka ikalala, na kundi la korongo weupe lililokuwa likizunguka juu ya mto likatawanywa. Wengi walipotelea upande wa Wajir. Mmoja alianguka.

Alianguka kwenye tope, hatua hamsini kutoka kibandani, mabawa yamelowa na kutandazwa pembeni, mdomo mwekundu umechomekwa chini. Kadar alitoka kwenye mvua, akavua shuka lake la begani, akamfunika ndege, akambeba kifuani hadi ndani. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhania. Usiku kucha alimsikia akipumua, na alfajiri alimpa chura aliyemkata vipande. Korongo alimtazama muda mrefu kisha akala.

Siku tatu akamlisha vyura, panzi na kambare wadogo. Siku ya nne korongo alisimama mlangoni, akakunjua mabawa yake, akayapiga mara mbili, na Kadar akafurahi kwa kuwa angepunguza mdomo mmoja wa kulisha. Akamshika ili amwoshe tope la miguuni kabla hajamwachia. Tope lilipotoka, chini yake, juu kidogo ya goti la mguu wa kulia, palikuwa na pete ya chuma.

Kadar alikaa chini. Akaisugua pete kwa kidole. Ilikuwa na tarakimu na maneno madogo ya lugha asiyoijua, si Kiswahili, si Kisomali, wala si kile Kiingereza cha kazini. Lakini hakuhitaji kuyasoma. Alizaliwa karibu na Takaba, kwa wafuga ngamia, na kabla hajajua kuandika jina lake alijua kwamba mnyama mwenye alama ana mwenyewe.

Alisema kwa sauti, peke yake, "La ilaha illallah. Kumbe wewe ni wa watu."

Hapa msomaji asiyetoka kwenye mifugo anivumilie kidogo. Huko kaskazini mnyama aliyepotea huitwa baadi. Akiingia kwenye zizi lako akiwa na chapa ya ukoo mwingine, amekuwa amana. Utamnywesha pamoja na wako, utamlisha, maziwa yake utakunywa, na kila utakapokutana na watu kisimani utatangaza: nina baadi wa alama fulani, mwenyewe aje. Humuuzi. Humchinji. Na lililo baya kuliko yote mawili, humfukuzi aende zake. Ukimfukuza akaliwa na fisi, damu yake iko mlangoni kwako, na habari zako zitatembea kisima kwa kisima mpaka wajukuu wako wakose wachumba.

Kwa Kadar hili halikuwa somo tu la utotoni. Ukame wa mwaka wa tisini na mbili ulimaliza ngamia wote alioachiwa na baba yake, isipokuwa mmoja, jike aliyeitwa Doora, ambaye alipotea. Kadar akamhesabu miongoni mwa wafu. Miaka minne baadaye ukaja ujumbe kwa dereva wa lori: mtu mmoja karibu na Kutulo, jina lake Abdishakur, ana baadi wenye alama ya ukoo wenu. Kadar alisafiri siku tano. Abdishakur alikuwa maskini wa kutupwa. Ngamia wake mwenyewe walikufa mbele ya macho yake huku akigawa maji na mnyama wa mtu asiyemjua. Alimtoa Doora, na nyuma yake ndama wawili aliowazaa kwenye zizi la ugeni, akamkabidhi Kadar kamba zote tatu na kusema neno moja: kagua. Kadar hakukagua. Alilia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake.

Basi mtu kama huyo unamwambiaje amwachie mnyama mwenye alama?

Alijua sheria ya serikali vilevile. Kufuga ndege wa porini ni kosa, na yeye mwenyewe aliwahi kuwakamata watu kwa kosa hilohilo. Alilifikiria jambo hilo jioni nzima akaona halimhusu. Yeye hakuwa anafuga. Alikuwa anamwekea mwenyewe.

Asubuhi alisokota kamba laini kwa nyuzi za mkonge pori, akaifunga kitambaa ili isichubue, akamfunga korongo miguu yote miwili jinsi ngamia anavyofungwa miguu ya mbele akiachwa kulisha: nafasi ya kiganja kimoja kati ya mguu na mguu, atembee lakini asiende mbali. Kamba nyingine ndefu akaifunga kwenye kigingi. Alifanya kazi hiyo polepole na kwa upole. Wakati anafunga fundo la mwisho kundi la korongo mia na ishirini lilipita juu kabisa, na huyu wa chini akainua kichwa, akakilaza nyuma mpaka kikagusa mgongo, akagonga mdomo wake: ka-ka-ka-ka-ka. Wa juu hawakushuka. Kadar alichukua daftari akaandika mia na ishirini. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaongeza chini yake: korongo mweupe, mmoja, wa amana.

Siku hiyohiyo alimwandikia Daktari barua. Alinakili kila herufi ya kwenye pete, akachora na umbo lake, akaandika: *Mali ya watu iko kwangu, salama. Nakuomba umtafute mwenyewe aje achukue ama atume mtu.* Shuaib aliipeleka kituo cha basi.

"Mzee, barua ya ndege?" Shuaib aliuliza kwa Kisomali akiitazama bahasha.

"Ya mwenye ndege."

"Na mwenye ndege anakaa wapi?"

"Hiyo ndiyo natafuta."

Shuaib alikuwa mtu wa mto, wa kuvua na kulima, mambo ya ngamia hakuyajua sana. Alitingisha kichwa akasukuma mtumbwi.

Barua ilifika Nairobi ama haikufika, Kadar hakujua, kwa sababu juma lile barabara ilikatika. Mto ulivunja kingo zake upande wa Bura, maji yakatanda mpaka upeo wa macho, mabasi yakalala. Mji wa Garissa ukawa kisiwa na kisiwa cha Kadar kikawa kipande cha kisiwa. Migomba ilizama kwanza, kisha matikiti, na wenye mashamba wakavuka mmojammoja na majembe yao vichwani. Kufikia tarehe ishirini Novemba ulibaki ule mgongo wa mikoma tu, mpana kama uwanja wa mpira, na juu yake walikuwemo mzee mmoja, korongo mmoja, nge wengi na nyoka ambao nao walikuwa wanatafuta pakavu.

Aliendelea kuhesabu. Nini kingine angefanya? Mafuriko yaliwafurahisha ndege kuliko watu. Bata walikuja ambao hakuwahi kuwaona tangu azaliwe. Kozi wadogo wenye miguu myekundu walipita wakifukuza kumbikumbi, mia tatu kwa siku moja, na mkono wake uliuma kwa kuandika. Kati ya hesabu na hesabu alivua kambare, akamlisha korongo, akafungua kitambaa cha miguuni, akakikausha juu ya moto, akakifunga tena. Yeye mwenyewe alikuwa anakula mara moja kwa siku.

Kundi likipita, korongo alikuwa anaruka. Alikimbia kwa vihatua vya kamba, akaruka, kamba ndefu ikamvuta chini, akaanguka kifudifudi. Kila mara Kadar alimwinua, akampangusa, akamwambia maneno ambayo angemwambia ngamia: tulia, mwenyewe yuko njiani, wewe si wa kupotea mara mbili. Baada ya juma moja na nusu alianguka mara chache. Baadaye akawa anainua kichwa tu na kugonga mdomo. Kadar aliona kwamba amezoea, akafurahi, akaitoa kamba ndefu. Ya miguuni akaiacha.

Tarehe ishirini na tano Shuaib alifika akiwa amelowa hadi kope. Mkondo ulikuwa mkali na alikuwa amepiga kasia saa mbili kwa safari ya dakika ishirini.

"Mama Saado amenituma," alisema. "Ukuta wa jiko umeanguka. Yeye mzima, lakini amehamia kwa dada yake Hinda. Mbuzi wako watatu wamekufa, kuna homa inaua mifugo. Anasema panda mtumbwi leo. Na mimi naongeza langu, mzee: siji tena mpaka maji yashuke. Nina watoto."

Kadar alitazama mtumbwi. Ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, tena mtu akae ametulia.

"Na huyu?"

"Mwache. Si ana mabawa?"

"Ana alama pia."

"Mzee, mjini kuna njaa. Ukimpeleka, kabla ya magharibi yuko kwenye sufuria. Ukimwacha na ile kamba, atakufa. Mkate kamba aende."

Kadar alichutama mbele ya korongo kwa muda. Goti lilikuwa linamwuma mpaka meno. Aliliona godoro, wallahi aliliona, na chai ya Saado yenye tangawizi. Alitaka kwenda. Asifikiri mtu kwamba hakutaka. Akamkumbuka Abdishakur akigawa maji ya mwisho, mikono yake myembamba kama fimbo, na akaona aibu kwamba yeye, aliyezungukwa na maji pande zote, anataka kushindwa.

"Mwambie Saado nitakuja mwenye mali akija," alisema.

Shuaib alirudi mjini akayafikisha. Jibu la Saado lilikuja siku sita baadaye kupitia kwa mvuvi mwingine, nalo lilikuwa fupi: Mwulizeni kama ameoa korongo, nijue niolewe na mimi. Kadar alicheka peke yake, kwa mara ya kwanza mwezi ule, kisha kicheko kikaisha akabaki ametazama maji. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na ukuta umeanguka yeye hayuko.

Kundi la mwisho la korongo lilipita tarehe mbili Desemba. Walikuwa kumi na saba, chini chini, wamechelewa. Yule wa amana aligonga mdomo mpaka walipopotea machoni, halafu akaendelea kugonga. Kadar aliziba masikio. Baada ya hapo anga la upande huo likawa tupu, na kila jioni akaandika neno lilelile: korongo mweupe, mmoja.

Daktari Nzilani alifika tarehe kumi na nne, kwa ndege iliyoleta chakula cha msaada. Maji yalikuwa yameanza kushuka, naye Shuaib, aliyekuwa ameapa, alikubali kumvusha. Kadar aliwaona kwa darubini wakiwa mbali. Akaingia kibandani, akavaa shati safi, akanawa uso. Akamwosha korongo mdomo na miguu, akamfunga kitambaa kipya. Moyo wake ulikuwa mwepesi ajabu. Alikuwa amekonda, suruali imeshikwa kwa kamba, lakini mnyama alikuwa hai, na mwenyewe, ama mjumbe wa mwenyewe, amekuja.

Daktari alimshika mikono yote miwili. "Mzee Kadar! Tulidhani umesombwa. Pole sana, pole kwa yote."

"Bole ya nini, Daktari?" Kadar alisema kwa Kiswahili chake cha Kisomali, ambamo p mara nyingi iligeuka b. "Alhamdulillahi. Chukua daftari kwanza."

Akalichukua, akasimama palepale matopeni akisoma. Uso wake ulifunguka. Hesabu za kila siku, asubuhi na jioni, hakuna siku iliyorukwa, katika mafuriko ya aina ile. Hapakuwa na mtu mwingine nchini aliyekuwa na kitu kama hicho, alisema, na alikuwa anasema kweli. Kisha kidole chake kikasimama.

"Hapa. Korongo mweupe mmoja. Na hapa mmoja. Kila siku mmoja, mwezi mzima. Huyu alikuwa mgonjwa?"

"Habana. Mzima kabisa. Barua hukubata?"

"Barua gani?"

Kadar alikwenda nyuma ya kibanda akatoka naye, akimwongoza polepole, korongo akitembea mbele kwa vihatua vyake vifupi, kamba ikikazika na kulegea. Kadar alisimama wima kadiri goti lilivyomruhusu, akanyoosha mkono.

"Mali yenu," alisema. "Kagua. Hata unyoya mmoja haibotei."

Daktari aliangalia pete. Akaangalia kamba. Shuaib, kando ya mtumbwi, aliona afadhali ashughulike na kasia.

"Mzee," alisema Daktari, "umemshika tangu lini?"

"Siku ya tisa mwezi wa Nofemba. Siku nne hapo alikuwa na ugonjwa, amelowa. Ile ingine yote ni ya kulinda. Sasa niambie, mwenyewe ni nani? Ametoka wapi?"

"Hana mwenyewe."

Kadar alitabasamu, jinsi mtu anavyomtabasamia mtoto anayetania. "Daktari, hakuna mtu anaweka alama kwa kitu si yake."

Daktari akakaa juu ya gogo. Alikuwa mwanamke wa vitabu, lakini hakuwa mjinga wa watu, na alipomtazama mzee yule katika shati lake safi alielewa karibu yote kwa mara moja. Alieleza taratibu. Ulaya kuna watu wanaowashika ndege hawa wakiwa makinda, kiotani, wanawavika pete, wanawaachia. Hawawadai. Wanachotaka ni kwamba yeyote atakayemwona, popote duniani, asome zile tarakimu awaandikie: nimemwona hapa, siku hii, yu hai. Basi. Hata mtu akimshika, anasoma na kumwachia saa ileile, kwa sababu safari yake haingoji.

"Kosa ni langu," aliongeza. "Sikukwambia. Kazi yako ilikuwa ya macho, sikudhani ungeshika hata mmoja."

Kadar alikuwa amesimama bado. Midomo yake ilitembea kidogo.

"Kwa hiyo hii chuma haisemi huyu ni yangu."

"Hapana."

"Inasema ukimwona, niambie."

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nimemwona. Nimemwona siku thelathini na tano. Wenzake wamebita. Mimi nimeandika wenzake, mia, mia mbili, hii inalia hapa chini, na mimi nafunga."

Alichutama, na safari hii goti halikukumbukwa. Fundo alilolifunga maisha yake yote likamshinda kulifungua, ikabidi achukue kisu. Kamba ikaanguka. Kwenye miguu ya korongo, hata pamoja na kitambaa, palikuwa na michirizi myeupe pande zote mbili. Kadar akasogea nyuma.

"Haya," alimwambia kwa Kisomali. "Nenda. Nisamehe uende."

Korongo alitazama mikono yake, akitafuta kambare. Kisha akatembea. Aliweka mguu mmoja mbele, kiganja kimoja, na mwingine mbele yake, kiganja kimoja. Hapakuwa na kamba lakini alitembea kama ipo. Ngamia hufanya vivyo hivyo akifungwa muda mrefu, na Kadar alilijua hilo tangu utoto. Aliliona kwa ngamia mara nyingi wala halikuwahi kumwuma, kwa sababu ngamia alikuwa na pa kukaa.

Alimfukuza. Alipiga makofi, akapiga kelele, akaokota donge la tope akamrushia, yeye ambaye hakuwahi kumtupia mnyama wa mtu hata kijiti. Korongo alikimbia kwa vihatua, akafungua mabawa, akainuka kimo cha mtu, akateremka upande wa pili wa kibanda. Halafu akarudi. Alikuja mpaka miguuni kwa Kadar, akalaza kichwa nyuma, akagonga mdomo kumsalimu.

Kadar akakaa kwenye tope na shati lake safi, akafunika uso kwa mikono miwili. Alilia bila kujificha. Daktari alimwacha.

Baada ya muda akasema, "Mabawa yake ni mazima, mzee. Wengine hubaki Kenya msimu wote, si lazima awafikie wale. Anaweza kuishi. Lakini wewe ukiwa hapa hataondoka. Anakungoja umlishe."

"Kwa hiyo niende mimi."

"Ndiyo. Leo."

Mwezi mzima alitamani mtu amwambie maneno hayo. Sasa alikusanya sufuria na mkeka bila haraka, na kila alichokishika kilikuwa kizito. Wakatoka. Safari hii Shuaib alikuwa ameleta mtumbwi mkubwa. Kadar alikaa mbele, uso umeelekea mjini, mgongo umeelekea kisiwa. Daktari alikaa nyuma yake akiwa amegeuka.

Maji yalikuwa mazito na mekundu. Nyuma yao mdomo ulianza kugonga, ukanyamaza, ukagonga tena.

"Inafanya nini?" Kadar aliuliza.

"Amekuja mpaka ukingoni."

"Imeruka?"

"Bado. Anatembea, anafuata ukingo, anatufuata."

Kadar alishika pande mbili za mtumbwi. Hakugeuka.

"Hatua ndefu ama fubi, Daktari?"

Daktari aliitazama ile miguu. Alikuwa mtu wa kuandika kile alichokiona, na hakujua kusema kingine.

"Fupi," alisema.

"Shuaib," akasema mzee, "biga kasia. Isituone."